Mpaka Afe

Asamankese,
9 Januari 1993

Mpwa wangu Afua Birago,

Kwanza pumua, maana hakuna msiba. Najua ukiona mwandiko wangu moyo unakuruka. Nyumba nzima inakusalimu. Vumbi la upepo mkavu wa harmatani limetupasua midomo, kanisani tunaimba kwa kubana pumzi, lakini tupo. Mama yako hajambo kabisa. Ana miaka sabini na mmoja na bado anatwanga fufu yake mwenyewe. Juzi alimnyang'anya msichana wa jirani mchi, akamwambia, "Wewe hutwangi, unabembeleza." Mafuta ya shea uliyompa dereva wa lori yamefika. Kopo lilikuwa limepungua vidole viwili. Simtuhumu mtu, nasema tu lilipungua.

Sasa neno lenyewe. Kuna mtu wa kanisani kwetu, mtu mzima, anaandaa karatasi yake kwa Kiingereza. Kwa kuwa nilikuwa karani wa mizani ya kakao miaka ishirini na sita, na Kiingereza changu kinajulikana hapa mjini, amenijia mimi. Nimemtungia sentensi ya kwanza. Ni nzito na ina maneno ya kutosha, lakini nimeona si vibaya ikipita mbele ya macho ya mwalimu wa Kiingereza kabla haijaenda mbali. Iko kwenye kile kipande cha karatasi ya buluu.

Inyooshe, basi. Mwenyewe anataka iwe Kiingereza safi ambacho mtu yeyote wa ofisini akikisoma haulizi mara mbili. Usinirudishie maswali mengi, stempu zimepanda.

Ni mimi mjomba wako,
Kwaku Asiamah


Bolgatanga,
2 Februari 1993

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako imenikuta nikisahihisha mitihani, nikaiacha yote nikakusoma wewe. Huku kumekauka mpaka wasichana wa bweni wanagawana ndoo moja watatu. Nimezoea chakula cha huku, ila mchuzi wa majani ya kontomire wa mama nauota. Msalimu sana. Na yule dereva mwambie nimesikia habari za kopo.

Sentensi ya rafiki yako niliwasomea walimu wenzangu, nisamehe, tukacheka mpaka mwalimu wa hesabu akatoka nje. Umeanza na maneno "ikiwa imejengwa kwa matofali ya saruji na kuezekwa mabati", ukaweka mkato, ukaandika "Bwana A anampa mwanawe nyumba". Kwa Kiingereza maneno ya namna hiyo yanamrukia yule anayetajwa mara tu baada ya mkato. Kwa hiyo aliyejengwa kwa saruji ni Bwana A, na mabati yako kichwani pake. Itangulize nyumba, mtu afuate baadaye. Nimekuandikia upya nyuma ya kile kipande cha buluu.

Na chunga ugonjwa wetu wa siku zote. Lugha yetu haimtengi mwanamke na mwanamume, wote ni yeye tu, lakini Kiingereza kinataka "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke. Mwaka ule nilipoingia sekondari ulimwandikia mwalimu mkuu kwa Kiingereza kwamba mama yangu anamsalimu, ukamwita mama "he" mara nne katika barua moja. Mwalimu mkuu akaniuliza kama mimi nimelelewa na baba wawili.

Sasa nivumilie swali moja tu. Huyo Bwana A ni nani? Katika kanisa lenu ninahesabu watu watatu wenye nyumba ya saruji na mtoto wa kiume. Mmoja wao ni wewe. Nauliza tu.

Ni mimi,
Afua


Asamankese,
27 Februari 1993

Mwalimu,

Salamu zako zimefika, na kicheko chako na cha wenzako pia kimefika. Mvua ya kwanza imenyesha ikang'oa mabati mawili ya jikoni. Mama yako hajambo. Mimi sijambo.

Sentensi nimeipokea, imenyooka. Lakini nilikuomba Kiingereza, sikukuomba uhesabu nyumba za watu. Watu wa sheria wanaandika Bwana A na Bwana B, ndiyo desturi yao. Kama jina linakuwasha sana, ni Mzee Bediako, yule mwenye kinu cha mawese. Haya, umeridhika?

Sentensi ya pili hii hapa nyuma. Inasema Bwana A ana-dash nyumba hiyo kwa mwanawe, na mwana akishatoa kinywaji cha shukrani na kondoo mbele ya mashahidi, zawadi hairudi tena. Angalia kama vitenzi vimekaa.

Mwandiko usikushangaze. Kalamu hii ni mbovu, inavuta upande mmoja.

Kwaku Asiamah


Bolgatanga,
20 Machi 1993

Mjomba wangu,

Natumaini mabati ya jikoni yamerudi mahali pake na mama hapiki kwenye mvua. Mimi ni mzima. Nimehamishiwa kidato cha mwisho, wasichana arobaini na wanane, na kila mmoja anaandika Kiingereza kirefu akidhani urefu ndio akili.

Nianze na kazi. "Dash" ni neno la sokoni. Muuza nyanya akikuongezea mbili juu ya fungu, hizo ndizo dash, na ukimpa askari kitu barabarani, nacho ni dash. Nyumba haitolewi hivyo. Andika "give", ni neno fupi na kila ofisi inalijua. Mengine yamekaa.

Sasa tuseme ukweli. Mzee Bediako amekufa. Agosti ya mwaka juzi uliniandikia kurasa tatu kuhusu maziko yake, na ukurasa mzima ulikuwa wa malalamiko kwamba walikukalisha kwenye kiti kibovu nyuma ya wapiga ngoma. Barua hiyo ninayo, iko kwenye sanduku langu. Marehemu gani huyu anayegawa nyumba?

Mjomba, mimi si mtoto. Mama anakaa katika vile vyumba viwili vya mbele vya nyumba yako, vinavyotazama barabara, tangu baba alipofariki. Hana pengine pa kwenda. Krismasi nilipokuja, mwanao Twum alitoka Tema na gari lake la vipuri, akapita mbele ya vyumba vya mama akipima ukuta kwa hatua, huku midomo yake ikihesabu. Nilimwona. Nikamuuliza, "Unatafuta nini?" Akasema, "Nanyoosha miguu, dada." Mtu ananyoosha miguu ukutani? Ile barabara imekuwa ya lami, na kila mwenye chumba cha mbele anafungua duka. Kama unamwandikia Twum nyumba, niambie, na uniambie mama anakwenda wapi.

Shida yangu nyingine unaijua. Mama hajui kusoma. Kila ninachomwandikia unamsomea wewe, na kila anachonijibu unaandika wewe. Kwa hiyo naomba umsomee mstari huu neno kwa neno: "Mama, siku tuliyohamia katika vyumba hivyo nililia njia nzima. Nililia nini?" Nataka jibu lake, kwa maneno yake.

Mpwa wako,
Afua


Asamankese,
18 Aprili 1993

Afua Birago,

Pasaka tumekula vizuri, asante kwa kuuliza, ingawa hukuuliza.

Nilimsomea mama yako mstari wako neno kwa neno, mchana, watu wakiwapo. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema: "Mwambie alilia kwa sababu kuku wake mweupe aliruka kutoka kwenye lori pale Suhum na dereva akakataa kusimama." Je, umeridhika kwamba sijamfungia mama yako stoo nikajibu kwa niaba yake? Baadaye akaniuliza, "Huyu mtoto anaogopa nini?" Mimi niliyekushika mkono nikakufundisha A na B kwa mkaa sakafuni, leo napimwa na kuku.

Bediako ninayemsema ni mdogo wake marehemu, naye anaitwa Bediako. Ukoo mzima ni Bediako. Na Twum ni mwanangu, hajakukosea, mguu wake ni wake.

Na mimi niseme yangu. Tangu lini mambo ya nyumba za watu yakakuuma hivi? Kuna mtu amekuwa akikuandikia? Mkuu wa ukoo alipita hapa wiki iliyopita, akakaa, akanywa maji, akaulizia afya yangu mara tatu, akaondoka. Hajawahi kuulizia afya yangu. Mkononi alikuwa na kikapu cha Bolgatanga, kipya. Sisemi kitu, najiuliza tu kimefikaje mkononi mwake.

Imebaki sentensi moja, ya mwisho, na ndiyo yenyewe hasa. Naiandika hapahapa: kwamba dada yake Bwana A atakaa katika vyumba viwili vya mbele, bila kusumbuliwa na mtu, "until he dies".

Sitaki hotuba. Nijibu ndiyo au hapana: ina kosa la sarufi?

K. Asiamah


Bolgatanga,
10 Mei 1993

Mjomba,

Salamu kwa wote. Mama mwambie nimekumbuka yule kuku.

Vikapu vya Bolgatanga vinauzwa mpaka Accra. Mimi sijamwandikia mkuu wa ukoo.

Sentensi yako nimeisoma mara nyingi. Umeniuliza kuhusu sarufi, nami nakujibu kuhusu sarufi: haina kosa. Kitenzi kimekaa, wakati umekaa, kila neno lipo mahali pake. Nimeinakili nikaihifadhi.

Afua


Asamankese,
14 Juni 1993

Mpwa wangu, mwalimu wangu, mtoto wa dada yangu,

Leo nakusalimu kwa mikono miwili. Mvua imetulia, mahindi yamesimama, mama yako amevaa kitambaa kipya na anapita mbele ya majirani bila sababu. Kaa vizuri nikusimulie, maana sasa naweza kusema.

Bwana A ni mimi. Ulijua tangu mwanzo, najua ulijua. Nyumba nimempa Twum. Usiitupe barua, soma mpaka mwisho.

Twum ndiye aliyejenga upande wote wa nyuma na kisima, wewe ulikuwa chuoni. Lakini kwa desturi yetu nikifa nyumba ni ya watoto wa dada yangu, yaani wewe. Kwa sheria hii mpya ya serikali, watoto wangu nao wana fungu lao. Nimeona nyumba mbili hapa mjini zikigawanywa hivyo: watoto upande mmoja, ukoo upande wa pili, kesi miaka saba, na anayekaa ndani anatupiwa vyombo nje kabla hakimu hajafungua jalada. Aliye ndani kwangu ni mama yako. Nikasema nitaitoa ningali hai, kwa karatasi, mbele ya watu, na sharti moja tu ambalo hata Twum hawezi kulivunja: dada yangu Kyerewaa hatoki katika vyumba vyake maisha yake yote.

Mbona nilikuficha? Niliona aibu. Kile nilichokuwa natoa kilikuwa chako. Halafu niliogopa ungemwambia mkuu wa ukoo, naye angekuja na wazee kunizuia, na sharti la mama yako lingepotea katika kelele. Nikasema bora unishuku, utanisamehe baadaye. Kwenye kikapu nilikukosea. Mkuu wa ukoo alikinunua Nsawam, nimeuliza.

Jumamosi tulikaa uani, watu ishirini na watatu. Twum alileta kondoo na chupa mbili. Akasimama akaisoma karatasi yote kwa Kiingereza, kisha akaitafsiri kwa lugha yetu mstari kwa mstari. Alipofika kwa mama yako akasoma, "Atakaa katika vyumba vya mbele, asisumbuliwe na mtu, mpaka afe." Wazee wote wakaitikia. Mama yako alilia. Twum akawa wa kwanza kusaini, haraka kuliko nilivyotarajia, hata kofia hakuvua. Kondoo akaliwa siku hiyohiyo. Jumatatu karatasi ikapelekwa ofisi ya ardhi Koforidua ikapigwa muhuri.

Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikinikosesha raha. Jibu lako lilipofika nililizungusha kwa watu wote, Twum nikamwonyesha wa kwanza. Nikamwambia, "Umeona? Mtoto niliyemfundisha A na B kwa mkaa anasema haina kosa!" Nakala ya karatasi nzima nimekuwekea humu. Itunze.

Mjomba wako mwenye furaha,
Kwaku Asiamah


Bolgatanga,
6 Julai 1993

Mjomba wangu,

Safari hii sina salamu ndefu. Ukisoma barua hii mama asiwe karibu. Barua yako imekaa wiki mbili posta, nimeipata leo, na hii nampa dereva wa basi mkononi.

Nenda Koforidua. Nenda kesho. Katika mstari wa mwisho umeandika "until he dies". "He" ni mwanamume. Katika sentensi ile yote hakuna mwanamume mwingine ila wewe. Karatasi haisemi mama atakaa mpaka mama afe. Inasema atakaa mpaka wewe ufe. Siku ukifumba macho, siku hiyohiyo Twum anaweza kuweka vitu vya mama barabarani, na karatasi yenye muhuri iko upande wake. Inatakiwa herufi moja tu, S, mbele ya "he". Waambie waiongeze.

Twum alipotafsiri hakusema uongo hata neno moja. Kwa lugha yetu "mpaka afe" ni mpaka afe, na kila mtu pale uani alimsikia anayemtaka. Yeye peke yake alikuwa ameshika Kiingereza mkononi. Ndiyo maana kofia haikuvuliwa.

Sasa inabidi niseme lingine. Mimi niliiona. Niliiona Mei, mara ya kwanza tu nilipoisoma. Unamwita mama "he" tangu nina akili. Mtu mwingine yeyote angenitumia sentensi ile ningeongeza S bila kufikiri na kuendelea na kazi zangu. Lakini nilikuwa nimeshakuona mwongo kwa ajili ya Bediako. Nikasema safari hii si ugonjwa wa siku zote, huyu anajua anachoandika: anataka dada yake akae mpaka yeye mwenyewe afe, kisha Twum afungue duka, na anataka mkono wangu mimi ndio uipitishe. Nikawaza, nikimsahihisha atajua nimemgundua, ataifuta sentensi yote na mama atabaki bila hata hiyo. Acha nimwache ajifunge. Nitainakili, na siku moja nitasimama mbele ya wazee niwasomee maneno yake mwenyewe. Nilitaka uaibike, mjomba. Nilifurahi nilipokuwa nabandika stempu.

Mwandiko wako nao niliushuku. Herufi zimelala zote upande wa kushoto, nikasema Twum anamwandikia.

Wanafunzi wangu nawaambia kila siku, sentensi isiyo na kosa inaweza kuwa na sumu, angalia "yeye" ni nani. Nawaambia hivyo, halafu kwa mama yangu mzazi nikaandika haina kosa.

Nenda, mjomba. Sina haki ya kukuomba kitu, lakini nenda.

Afua


Asamankese,
15 Agosti 1993

Afua,

Barua yako ilifika. Nilikukasirikia siku tisa, nikakusanya maneno mabaya ya kukuandikia, na siku ya kumi sikuyaona tena. Mama yako hajambo, anakusalimu. Anauliza lini utakuja. Hajui lolote, na hatajua kutoka kwangu.

Nilikwenda Koforidua. Karani wa pale ni mtu mpole, aliisoma sentensi mara mbili, akaniangalia, akasema, "Mzee, hii si herufi. Huyu ni mtu mwingine." Akasema kuibadilisha inawezekana, ila wote waliosaini wasaini tena, na mwenye nyumba awe wa kwanza. Nikamuuliza mwenye nyumba ni nani. Akanionyesha jina la Twum.

Nikapanda gari mpaka Tema. Twum alinipokea vizuri, akaninunulia samaki wa kukaanga na kenkey, akanipa kiti kizuri. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, si ulituonyesha barua ya dada Afua mwenyewe? Alisema haina kosa. Mimi nani nimsahihishe mwalimu?" Nikamwambia, "Twum, wewe ulijua." Akafuta mikono, akasema, "Baba, mimi nilisoma kilichoandikwa." Na ni kweli, alisoma kilichoandikwa. Nikamwambia shangazi yake alimbeba mgongoni. Akasema anampenda sana shangazi na ataangalia la kufanya wakati ukifika. Wakati ukifika! Sikumaliza samaki.

Niliporudi nikawaendea mashahidi. Wazee wawili wanasema walisikia mpaka Kyerewaa afe. Mmoja anasema yeye alisikia mpaka afe tu, hakuambiwa nani, na hawezi kuapa. Wengine wanasema kondoo ameshaliwa. Mkuu wa ukoo anasema kama ningemwita tangu mwanzo hili lisingetokea.

Sasa lile la mwandiko. Hakuna aliyekuwa akiniandikia. Februari, nikiwa natoka bafuni, mkono wa kulia ulikufa ghafla pamoja na nusu ya mdomo. Mdomo ulirudi, mkono ulirudi nusu. Daktari alitaka kuutaja ugonjwa kwa jina, nikamwambia asinitajie. Nyumbani nilisema nimelalia mkono. Kwako nikasema kalamu mbovu. Ndiyo sababu nilikuwa na haraka na karatasi ile.

Basi hivi ndivyo tulivyo. Karatasi inasema dada yangu atakaa mpaka mimi nife. Mimi nina miaka sitini na minane na mkono mmoja na nusu. Yeye ana sabini na mmoja, na daktari aliyempima msimu wa mvua alisema moyo wake ni wa msichana. Nimeacha chumvi. Nimeacha pombe kali, hata ile ya tone moja tunayowamwagia mababu. Vidonge navimeza viwili kwa saa zake, mimi niliyekuwa nikivitupa nyuma ya choo. Kila asubuhi natembea mpaka kituo cha kakao na kurudi. Mama yako ananiona nikitoka nimechana nywele, anaamini nimepata mjane. Jana alinitengea samaki mkubwa kuliko wake, akasema nahitaji nguvu za kutongozea.

Usiniandikie tena kuomba msamaha. Mimi nilificha, wewe ulinyamaza, tumefanya kazi moja kwa mikono miwili. Ila nakwambia jambo hili kwa sababu siwezi kumwambia mchungaji. Kanisani Jumapili wanapoomba tuwataje wapendwa wetu mbele za Mungu, mimi namtaja dada yangu Kyerewaa, aliyenibeba, ambaye sina mtu duniani ninayempenda kama yeye. Naye amekaa kando yangu, anaitikia amina kwa sauti, hajui ninaomba nini. Ninaomba atangulie.

Mjomba wako,
Kwaku Asiamah